Mstari Niliotoa Mara Mbili

Jumapili, 3 Novemba 1723

Leo nimejiaibisha mbele za Mungu na mbele ya roshani nzima. Zaburi ya themanini na nne. Nimesimama mahali pangu pa shemasi chini ya mimbari kama nilivyosimama miaka hii ishirini na miwili: nasoma mstari, watu wanauimba, nasoma unaofuata. Mstari wa tatu nikausoma. Wakauimba. Jicho likateleza, nikausoma uleule tena. Na wao wakauimba tena! Wote! Kwa unyenyekevu kabisa! Hakuna aliyeshtuka ila vijana wa roshanini. Binti yangu Mehitabel alikuwa miongoni mwao, amejiziba mdomo kwa utepe wa kofia yake.

Jabez Tarbox, mhunzi, alinisubiri mlangoni. Eti wiki ijayo nitoe mara tatu, maana yeye leo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuushika.

Jumatatu, 4 Novemba

Nilianza shajara hii ili nichunguze roho yangu, kama baba alivyofanya na yake. Jana nimerudi nyuma kuisoma. Nimechunguza mvua, nguruwe, na jino la mke wangu Kezia. Roho imetajwa mara nne.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamka namuwaza baba. Alitoa mstari kabla yangu, katika nyumba ya zamani ya ibada, ile ambayo theluji ilipenya kwenye mbao ikatukalia magotini. Hatukuwa na kinanda, hatukuwa na filimbi, wala picha ukutani. Sauti tu. Na kila mtu alikwenda na wimbo kwa njia yake! Mwingine mbio, mwingine anapanda kilima, mwingine amesimama njiani anaangalia mandhari. Mama ndiye alikuwa wa mwisho siku zote. Baba alimngoja. Hakutoa mstari unaofuata mpaka sauti ya mama imefika, peke yake, nyembamba, inatetemeka kwa baridi. Mchungaji wa leo anasema vile ni vurugu. Pengine. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikadhani ndivyo mbinguni kunavyosikika.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda shuleni kukagua rundo la kuni. (Uongo. Andika ukweli, mzee.) Nimekwenda kusikiliza darasa la vijana la kuimba kwa noti za muziki, analofundisha Mchungaji mwenyewe. Nikasimama chini ya dirisha, nimeshika gogo. Wakaanza pamoja. Wakamaliza pamoja! Sauti nne, na katikati nikaitambua ya Mehitabel, imenyooka kama uzi. Machozi yakanitoka. Halafu nikaogopa: je, ni neno la Zaburi lililoniliza, au utamu tu wa sauti? Sisi tulilelewa kuuogopa utamu.

Jioni Mehitabel akaweka bakuli la maboga mezani. "Baba, kuni zilikuwa ngapi?"

"Nyingi."

"Maana ulizikagua saa nzima."

Kezia akacheka hadi akakohoa.

Jumapili, 10 Novemba

Mchungaji ametangaza: Jumatano wanaume wa ushirika watapiga kura. Tuendelee kutoa mstari, au kila mtu afuate kitabu chake na roshani iongoze kwa noti?

Bibi Foss amenishika koti nje. Ana miaka themanini na moja, macho yameisha kabisa, tena wanawake hawapigi kura. "Mwanangu Shemasi," akasema, "wakiondoa mstari, mimi nitaimba nini? Kitabu nakishika tu, nakipapasa kama paka." Nikamwambia asiwe na hofu. Nimesema hivyo kwa sauti kubwa, maana masikio nayo yanakwenda.

Jumatano, 13 Novemba

Imekwisha.

Mchungaji aliita njia ya noti: mikono ishirini na saba. Akaita njia ya zamani. Nilikuwa nimekwishanyanyua kiwiko. Ndipo nikajiuliza, kama nilivyofundishwa kujiuliza kabla ya kila jambo: mkono huu unainuka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Bibi Foss? Au kwa ajili ya mahali pangu pale mbele, na shingo zinazonigeukia? Nikakuta kiburi. Nilipochimba nikakuta kingine chini yake. Nilipoinua kichwa, Mchungaji alikuwa amemaliza kuhesabu. Ishirini na sita.

Mkono wangu ungefanya sare, na kwa sare mambo hubaki yalivyo.

Kezia: "Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachunguza nia yangu."

"Baba Mehitabel! Mtu akizama mtoni pia utachunguza nia?"

Sikula.

Alhamisi, 14 Novemba

Theluji. Mehitabel amenikumbatia kwa nyuma. Upande wake umeshinda, naye analia. Ndiyo nyumba yangu hiyo.

Jumapili, 17 Novemba, adhuhuri

Naandika kwa kalamu ya risasi kibandani, tunapoota moto kati ya ibada mbili. Daftari nililibeba kwa ajili ya mahubiri.

Asubuhi roshani imeimba. Vizuri mno, siwezi kudanganya. Mimi nimekaa benchi la wanaume, mikono haijui pa kwenda. Upande wa pili, wa wanawake, Bibi Foss alifungua kinywa kwenye mstari wa kwanza, akangoja. Akakifunga. Akafungua tena. Zaburi ilipokwisha akamuuliza Kezia, kwa sauti iliyofika mpaka mimbarini: "Shemasi anaumwa?"

Hapa kibandani nimemwambia Kezia amnong'oneze Bibi Foss mistari.

"Nimejaribu. Sauti yangu haimfikii. Amezoea kubweka kwako."

"Basi?"

Akakunja kitambaa cha mkate, polepole. "Mchana nitasogea. Pembeni mwa Bibi Foss patabaki nafasi."

"Kezia! Ni benchi la wanawake."

"Najua ni benchi la nani. Nimelikalia tangu nikuchukue."

Tangu nyumba ile ya ibada ijengwe hakuna suruali iliyokaa upande ule. Watanisimamisha mbele ya ushirika. Mchungaji atafikiri nampinga. Mehitabel ataona aibu roshanini, siku yake ya kwanza ya kuongoza.

Kengele inapigwa. Kezia ametoka, Bibi Foss amemshika mkono, wanapita kwenye theluji hatua kwa hatua. Jabez amechungulia: "Shemasi, unaingia, au bado unahesabu dhambi?" Nimemwambia atangulie.

Ni huruma hii, au nataka tu kusikika tena? Nimetazama ndani. Kuna vyote viwili, vimelala kitanda kimoja, siwezi kuvitenganisha. Nimeinuka. Nimekaa. Nimevaa glavu moja.

Kengele imenyamaza, nami bado naandika! Glavu ya pili nitaivaa njiani, nafasi ile isikae tupu