Karatasi za Fundi Saa

Maktaba ya Mtaa,
Chumba cha Nyuma,
S.L.P. 418.

9 Machi

Mpendwa kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, na nyingine zaidi za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni akinikumbusha nisisahau kukuuliza kama kile kikohozi kimekuachia. Je, kimekwisha? Na wifi yangu, mgongo unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata moto linatembea. Mdomo wake, kama unavyoujua, haujawahi kuugua.

Barua yako niliipata na nimeisoma mara mbili. Umenicheka sana. Unasema kazi ya dakika tano mimi naifanya wiki nzima, kwamba niwabonyezee watu vitufe waende zao. Nimekusikia. Sasa kaa kitako nikujibu.

Tangu ofisi zifunge madirisha yao na kutaka kila karatasi ipelekwe mtandaoni, watu wanamiminika hapa maktaba na bahasha kwapani. Wengi hawajawahi kugusa kompyuta. Mwaka jana nilikuwa nafanya hivyohivyo unavyoshauri. Akaja mama mmoja muuza vitambaa, anaomba kibanda katika soko jipya. Nikamjazia fomu, nikamskania vyeti, nikatuma kwa baruapepe yangu mwenyewe kwa kuwa yeye hakuwa nayo. Alinishukuru mpaka mlangoni. Jibu likaja likimtaka athibitishe ndani ya siku tatu, nami siku hizo nimelala kitandani na homa. Kibanda kikaenda kwa mwingine. Yule mama hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaapa: mwenye karatasi ndiye atakayebonyeza, hata ikichukua mwezi.

Ndiyo maana nataka nikuhadithie habari za Fundi Saa. Unamkumbuka, yule wa duka jembamba karibu na benki ya zamani, anayebana kioo jichoni na kuongea na saa za watu kama wagonjwa. Mwanawe, yule aliyekuwa fundi umeme, alifariki mwaka juzi. Mke wa huyo mwanawe alikuwa ametangulia miaka mingi nyuma. Wakabaki mzee na mjukuu wake wa kike, na mtoto huyo amefaulu vizuri, amechaguliwa shule ya bweni. Lakini mlezi alitakiwa kutuma vyeti vyote mtandaoni kabla ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Asipotuma, nafasi inapewa mwingine.

Alikuja Jumatatu moja mwezi uliopita, karatasi amezikunja ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku la saa ya ukutani. Nilimpa kipanya, akakiweka sikioni.

"Hakina mlio," akaniambia. "Kimekufa?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini usimdharau mtu aliyekula chumvi nyingi. Nilipomwambia abonyeze mara mbili harakaharaka, hakuelewa mpaka niliposema tik-tik, kama saa ndogo ya mkononi. Hapo hapo akapata. Vidole vinavyoshika skurubu ndogo kuliko chembe ya mchele havikuhitaji kufundishwa utulivu. Kilichomshinda ni neno la siri. Alilichagua, akaridhika nalo, kisha akanitangazia kwa sauti chumba kizima kisikie. Ikabidi atafute jingine.

Jumanne tuliskani cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Kwanza kikatoka kichwa chini, kisha nusu, mara ya tatu kikatoka sawasawa. Barua ya ulezi ikafuata. Cheti cha kifo cha mama wa mtoto nacho kikapita. Ikabaki karatasi moja, imekunjwa mara nne, bado mpya. Akaishika, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akasema macho yamechoka, atakuja kesho.

Jumatano hakuja. Alhamisi hadi saa tisa alikuwa hajatokea. Nikazima mashine, nikamfuata dukani. Nilimkuta ameinama juu ya saa iliyokwisha kutengenezwa. Nilijua imepona kwa sababu ilikuwa inatembea.

"Fundi," nikamwambia, "kesho ndiyo mwisho."

"Najua."

"Basi tatizo ni nini?"

Akatoa kioo jichoni. "Ile karatasi sijaikunjua tangu nilipopewa. Hapa dukani mwanangu hajafa sana. Watu wanaingia, wananiuliza fundi umeme yuko wapi, nawaambia katoka. Nikiiweka kwenye mashine yako, itakuwa kweli kila mahali."

Mdogo wangu, nilitamani kumwambia nipe, nitaiskani mimi, wewe kaa nje. Neno lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Kama jibu lingekuja na swali, nani angelijibu? Nikamwambia, "Siwezi kukufanyia. Lakini nitakaa kando yako mpaka mwisho, na sitakuharakisha." Akarudisha kioo jichoni. Nikarudi nyumbani moyo umenilemea, Mama akaniuliza mara tatu kama nimegombana na mtu.

Ijumaa alikuja saa nane mchana, amevaa koti. Hakusalimia mtu. Akaikunjua ile karatasi mwenyewe, akailaza kwenye kioo cha skana, akaipapasa ikanyooka, akafunga kifuniko taratibu. Mwanga ulipopita chini yake aligeuza uso.

Fomu ikauliza: Baba wa mwanafunzi. Chini yake vitufe viwili, Hai na Marehemu.

"Hakuna cha tatu?" akaniuliza.

"Hakuna, Fundi."

Akavuta pumzi, akapiga moyo konde, akabonyeza.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado! Ukatokea mstari mwekundu: majina hayalingani. Katika cheti cha mtoto jina la baba limeandikwa kwa L, katika cheti cha kifo karani kaweka R. Herufi moja tu, fomu imegoma. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo. Saa ilikuwa kumi na nusu, na maktaba inafungwa saa kumi na moja. Mkuu wangu, ambaye hapendi kuongeza hata dakika, alikwishaanza kuchezesha funguo mlangoni.

Mzee akavuta kibodi karibu. Nikamwonyesha tu namna ya kufuta akikosea. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta kipuri kilichoanguka sakafuni. Saa kumi na moja ikagonga. Mkuu akaja kutufukuza, akasimama nyuma yetu, akasoma juu ya bega la mzee. Nami nikasoma. Ilikuwa hivi: Huyu wa L na huyu wa R ni mtu mmoja. Alikuwa fundi umeme. Mimi ndiye niliyempa jina, kwa hiyo najua linavyotamkwa. Ni mwanangu.

 Mkuu aliweka funguo mezani, akavuta kiti, akaketi.

Saa kumi na moja na nusu, Fundi Saa alibonyeza Tuma. Likaja neno moja, Imepokelewa, na namba ndefu. Akainakili namba yote kwenye kiganja kwa kalamu, ingawa nilimwambia ipo kwenye baruapepe yake. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi iliyopita alirudi, mikono mitupu. Nilikuwa namhudumia mtu mwingine, akaniashiria niendelee tu. Akajikalia kwenye mashine ya dirishani, akaingia mwenyewe, akafungua barua mwenyewe. Nilimsikia anavuta kamasi, nikageuka.

"Mtoto kapokelewa," akasema. "Na wameandika jina la baba yake kwa L."

Nilikwenda kusimama nje kidogo. Nilidanganya kwamba ni vumbi.

Sasa basi, ndugu yangu, hilo ndilo jibu langu. Dakika tano zako ningeweza kuzitoa, na yule mzee angepeleka karatasi zake bila kukaa nazo hata mara moja. Mkuu ameniruhusu kukitumia chumba cha nyuma Jumatatu na Alhamisi, na ameniongezea skana iliyokuwa imelala stoo. Ukipata nafasi ya kuja likizo, njoo ukae nami meza moja siku nzima, kisha ndipo unicheke.

Mpe wifi salamu zangu, mwambie asibebe ndoo. Wanao uwabusu, uwaambie shangazi yao anawadai barua ya mkono, si picha ya simu. Mama anasema ule vizuri na usilale na soksi mbichi. Mjomba naye anakusalimu. Ameniomba nimfundishe, lakini hataki watu wajue.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki, atukutanishe tukiwa wote wazima. Lazima nilale mapema. Kesho wapo saba kwenye orodha, na wa kwanza ni dereva wa lori aliyestaafu anayeapa kwamba kidole chake ni kinene kuliko kitufe chochote duniani. Tutaona kati yangu na yeye nani atachoka mwanzo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponicheka.