Novemba ndiyo Rahisi

Alhamisi, Nizwa

Said, mume wangu, bado anashikilia twende Uholanzi Novemba. Akiona bei ya tiketi na hoteli za Aprili anashika kichwa, na kweli Aprili hatuiwezi. Lakini Novemba huko ni mvua na giza tupu, na safari yenyewe ni ya Mama, anayetaka kuyaona mashamba ya maua yanayochanua Aprili kwa macho yake.

Hayo macho. Daktari aliniambia mimi peke yangu kwamba huenda Aprili ikafika na Mama haoni tena. Sijamwambia mtu, hata Said.

Leo nilimpeleka Mama Birkat al Mauz kwa dada yake. Njiani akaniuliza, "Mbona wewe na Said mnagombana kwa sababu ya mwezi?"

"Hatugombani, Mama. Tunatafuta wakati wenye nafuu."

Akauelekeza uso dirishani. "Aprili mbali, mwanangu. Hiyo migomba hapo naiona kama moshi. Nipelekeni Novemba nikaone watu na mitaa. Maua basi."

Kumbe anajua, na siku zote hizi alikuwa akinificha mimi.

Niliporudi nikamwambia Said akate tiketi za Novemba. Akafurahi, akidhani bei ndiyo iliyonishinda. Kesho nitamweleza, leo sikuweza.

Mama ameagiza koti la baridi, tena jekundu. "Rangi hiyo," kasema, "bado naiona."