Harieti Hayuko Kibugu

Kibugu, Embu
6 Februari 1955

Kwa mjukuu na wajina wangu, Peninah Karwirwa,

Salamu. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Wewe nadhani ni mzima pia, maana mgonjwa angeandika. Miezi mitatu kimya! Hata mbuzi akifungwa hulia.

Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha kufua mashuka ya hospitali ya misheni, kwa sababu siku hizi za Hali ya Hatari barua zote hufunguliwa kituoni, na karani wa huko ni mtu wa mbali. Asipoelewa lugha, barua haifiki.

Nyumba yangu ilichomwa. Tumehamishiwa kijijini sote, nyumba zimebanana kama meno, na asubuhi tunachimba handaki. Baba yako Nthiga bado yuko kizuizini. Kwa hiyo baba yako mdogo, Ndwiga, tangu avae mshipi wa homugadi, hao askari wa kijiji wa serikali, amejifanya mwenye boma. Anasema umesoma ya kutosha. Runji, msaidizi wa chifu, anatafuta mke wa tatu, na Ndwiga anataka uwe wewe, eti tupate kinga. Fomu yako ya ualimu amekataa kuitia sahihi.

Nimemwambia angoje. Sasa niambie wewe, huko Meru ni kitu gani kinakushika mkono hata huandiki?

Cucu wako, Karwirwa.


Meru
20 Februari 1955

Mpendwa Cucu,

Shikamoo. Pole kwa goti na pole sana kwa nyumba. Mimi sijambo. Naomba unisamehe, nilikuwa nasoma. Usimwache baba mdogo akubali neno la Runji, nakusihi. Mwezi wa saba tutaandika insha, na atakayeshinda ataingia kozi ya ualimu.

Insha inahusu kitabu cha Mwingereza mmoja wa zamani, wakati wa malkia wao Victoria. Ndani yake kuna mwanamke, Harriet. Baba yake alimwachia mashine ya kusaga inayozungushwa na maji ya mto, akaiendesha vizuri kuliko wanaume. Akaolewa. Kwa sheria yao ya wakati ule, mali ya mke ilikuwa ya mume, basi mashine ikawa ya mume, na mume akawa anampiga. Harriet alisimama mbele ya hakimu akasema, "Mimi si gunia la unga." Akatoroka, akajificha katika kibanda cha mchungaji kando ya mto, majirani wakimpelekea mkate kwa siri. Mwishowe mume akaugua. Harriet akarudi, akamwomba msamaha, akamuuguza, kisha yeye mwenyewe akafa kwa homa.

Mwalimu anasema mwandishi yule aliwatangulia wanaume wenzake wote kwa kuona kwamba mwanamke ni mtu. Nami naona hivyo. Nililia.

Mjukuu wako,
Peninah.


Kibugu
9 Machi 1955

Peninah,

Salamu, na ufute machozi. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma siku mbili, kidole juu ya kila neno, nikifika mwisho narudi mwanzo nikidhani nimeruka mstari. Alimwomba mume msamaha? Wa nini? Mwanamke aliyeendesha mashine, akamnyamazisha hakimu, ghafla haoni njia nyingine ila ile ya kurudi alikopigwa? Harieti hakuchoka, mwanangu. Aliyechoka ni huyo mwandishi. Alimpa mdomo akamnyima miguu. Alipoona mdomo umezidi, akamletea homa.

Watu kama hao nawajua. Babu yako alinisifu mbele ya wageni, "Mke wangu ana akili." Wageni wakiondoka, nikiitoa hiyo akili, ananiambia niangalie chungu kisiungue.

Mwambie Harieti aje Kibugu! Msitu uko hapa hapa, nduma ziko, nitamlisha kwa mkono wangu na hakuna mwanamume atakayejua alipo. Na kama ana wenzake, waje.

Usimlilie. Mkasirikie mwandishi.

Cucu.


Meru
2 Mei 1955

Cucu,

Shikamoo. U mzima? Uko wapi? Nimeandika mara mbili hujajibu. Uliandika nini, Cucu!

Askari wawili, wa wale wanaowasaka wapiganaji wa msituni, walikuja darasani na nakala ya barua yako. "Harriet ni nani? Amejificha msitu upi? Nani anampelekea mkate? Wenzake ni wangapi?" Nikawaonyesha kitabu. Mmoja akakipekua, akasema kitabuni kunaweza kuandikwa chochote. Mwalimu mkuu alinitetea, lakini pasi yangu ya kukaa huku wameichukua mpaka kituo cha kwenu kiseme shauri limekwisha. Bila pasi na bila fomu yenye sahihi, sitaruhusiwa kuandika insha. Na baba mdogo ameleta habari kwamba nirudi, Runji bado ananitaka hata na aibu hii.

Sijui la kufanya. Nimekaa tu, nangoja.

Peninah.


Kibugu
23 Mei 1955

Wajina wangu,

Salamu. Niko salama, usianze. Barua zako nimepewa leo zote kwa pamoja, zimeshikashikwa kama chapati ya sokoni.

Siku tatu walinikalisha kwenye benchi la kituo. Yule Mzungu anayewaamuru, Bwana Shauri, kijana mwenye pua iliyoungua na jua, akauliza kupitia kwa karani, "Harieti ni nani?" Nikamwambia, "Ni Mzungu mwenzako, kaulize kwenu." Akapiga meza. Haya, nikamsimulia, kutoka kwa baba yake mwenye mashine mpaka homa. Karani akasahau kutafsiri, akawa ananiuliza, "Halafu?" Wanawake waliokuwa wakingoja kuhojiwa wakasogea. Nilipofika pale pa kuomba msamaha, jirani yangu Celina akapiga kelele, "Wapi!"

Ndwiga alikuwa mlangoni na bunduki yake. Akacheka. "Alifanya vizuri. Mke hurudi."

Hapo goti lenyewe lilinisimamisha.

"Ndwiga, yule msichana aliye Meru, ukimsalimu unamwitaje?"

Akaihamishia bunduki bega la pili.

"Jibu. Bunduki haijakuziba mdomo."

"Namwita mama."

"Kwa nini?"

"Ana jina lako."

"Basi wewe unamwoza Runji mama yako? Mbuzi wa mahari yangu baba yangu alishawala zamani huko kwetu Meru, na mifupa ikatupwa. Wewe unataka kunila mara ya pili?"

Wanawake walicheka mpaka Bwana Shauri akauliza kumesemwa nini, na karani akakosa Kiingereza.

Najua wako wengi wanaooza wajina wa mama zao na mvua inanyesha kama kawaida. Lakini hawafanyi hivyo mama mwenyewe akiwa amekaa mbele ya watu ishirini.

Bwana Shauri ameandika kwamba Harieti hayuko Kibugu na shauri limekwisha. Pasi utarudishiwa. Fomu hii hapa, Ndwiga aliitia sahihi bila kunitazama. Runji ameambiwa atafute kwingine. Mwanangu hasemi nami, na zamu yangu ya handaki imeongezwa siku mbili kwa wiki. Nitachimba.

Sasa kaandike. Na huyo mwandishi usimpake mafuta!

Cucu.


Meru
14 Agosti 1955

Mpendwa Cucu,

Shikamoo. Natumaini goti linakusamehe, na baba mdogo pia. Mimi sijambo kabisa.

Insha iliuliza kama mwandishi aliwatendea haki wanawake. Nilianza kumsifu kama tulivyofundishwa. Nikafuta. Nikaandika kwamba alimpa Harriet mdomo akamnyima miguu, na kwamba homa haikutoka mtoni, ilitoka kwenye kalamu. Nikataja na kurasa zenyewe.

Juzi mwalimu aliniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani, imejaa wekundu, nikajua nimekwisha. Akasema hakubaliani nami hata mstari mmoja, na kwamba nafasi ya ualimu ni yangu kuanzia Januari.

Kisha akaniuliza, "Haya alikufundisha nani?"

Nikamjibu, "Karwirwa."

"Si ndilo jina lako?"

Nikasema, "Ndilo."

Wajina wako,
Karwirwa.