Gari la Marehemu Baba na Tabia Yake ya Kununa

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili mchana, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo, baba? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Nakuuliza yote kwa mkupuo kwa sababu simu yako ya mwisho ilikatika kabla hujanijibu hata moja. Na wewe mwenyewe, mgongo unasemaje? Usiniambie "hivyo hivyo tu". Mimi ndiye niliyekubeba, wako naujua.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Macho yangu ndiyo yameanza kuikimbia sindano, siku hizi natunga uzi kwa imani kuliko kwa kuona. Lakini kazi ipo. Sare za kwaya zimejaa mezani, na leo cherehani imefunikwa kwa kuwa ni siku ya Bwana, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia kwa utulivu. Haya ya Mama sikutaka kuyasema kwenye simu. Nikikupigia, yeye husogeza kiti karibu.

Unajua kwamba tangu apigwe na kiharusi tunampeleka hospitali kwa mazoezi ya mguu. Ambacho hukujua ni kwamba aligoma. Alisema hakanyagi tena ndani ya gari la marehemu Baba, na mazoezi yenyewe basi. Daktari wa mazoezi alikuwa ameshatuonya kwamba mguu ule ukiachwa sasa utabaki hivyo hivyo, na kutembea itakuwa hadithi. Kwa hiyo uelewe, mdogo wangu, hapakuwa na mzaha.

Mkosaji alikuwa gari. Asubuhi likiwa baridi linawaka kabla hujafunga mlango. Linapanda mlima wa hospitali vizuri tu, hata halihemi. Lakini lizime pale juu, Mama afanye mazoezi yake, mrudi: limenuna. Unazungusha ufunguo, wapi! Hapo ni kusubiri lipoe, Mama amekaa ndani jua linampiga, au kuwaomba wapita njia watusukume.

Siku ile ya mwisho walisukuma wauguzi, mlinzi wa getini, na bwana mmoja mwenye shati jeupe aliyekuja kumwona mgonjwa wake. Gari likawaka, watu wakapiga makofi. Tulipomlaza Mama kitandani ndipo akasema, "Kwenye kiti cha magurudumu nasukumwa. Kwenye gari nasukumwa. Mimi ni mama wa watu au mkokoteni?" Akageukia ukutani.

Si kwamba tulikuwa tumekaa bure. Shemeji yako ni seremala, lakini kwenye magari naye ana yake. Alishikilia kwamba ni petroli inayochemka kabla ya kufika kwenye injini, basi akawa anatembea na chupa ya maji na matambara, analikanda gari kama mtoto mwenye homa. Jirani yetu, yule dereva mstaafu tunayemwita Mzee Honi, akasema ni betri. Tukabadilisha betri. Akasema basi ni plagi. Tukabadilisha plagi. Mimi nami nikafanya langu: niliweka mkono juu ya boneti nikaliombea, na kwa jinsi lilivyokuwa la moto, nikasema amina mapema kuliko nilivyokusudia. Usicheke. Mungu anasikia hata maombi mafupi.

Na gereji usiseme. Kila tukilipeleka, likisubiri zamu yake linapoa, fundi akija kuligusa linawaka mara moja. Ni kama mtoto aliyewakeshesha usiku kucha, halafu mbele ya daktari anacheka. Fundi, yule mwembamba wanayemwita Taratibu, akawa anatutazama kama watu wanaolisingizia.

Mama alipogoma nikamfuata fundi huyo nikamweleza yote, na kwa kweli alikuja nyumbani mwenyewe. Akasimama uani akauliza: likikataa, injini inazunguka ila haishiki, au haizunguki kabisa? Shemeji yako akasema inazunguka. Nikasema haizunguki. Akasema mimi sijui magari. Nikasema na yeye anajua makabati tu. Tukaendelea hivyo, fundi anatugeukia huku na huku.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Mama, dirishani. "Linasema tk, mara moja, basi. Halizunguki. Ninyi mnakuwa mmeshashuka mnatafuta wa kusukuma. Anayebaki ndani ni nani?"

Fundi akasogea dirishani kwa adabu. "Bi Mkubwa, una hakika ni tk moja?"

"Kijana, uliopooza ni mguu. Masikio hayajapooza."

"Basi petroli tuiachie, haina kesi," fundi akasema. "Hiyo ni stata, ile mota inayoizungusha injini iwake. Lakini lazima niikute ikiwa imenuna hivyo hivyo. Kesho tupande mlima sote, na wewe Bi Mkubwa uje, nataka hayo masikio yakae palepale yanapokaa siku zote."

Mama akafikiri. Akasema atakwenda kwa ajili ya kazi ya fundi, si kwa ajili ya mazoezi, tusije tukachanganya mambo. Tukasema hatuchanganyi.

Kesho yake shemeji yako akashika usukani, Mama akakaa mbele na kilemba chake kizuri, mimi na fundi nyuma na mkoba wa spana katikati yetu. Tulipofika juu gari likazimwa, fundi akasema liachwe lishike joto lake, asiliguse mtu. Mama akatazama huku, akatazama kule. "Sasa mimi nitakaa tu hapa?" Fundi akajifanya anahesabu spana zake. "Haya, nipelekeni nikaunyooshe huo mguu, kuliko kukaa bure." Mdogo wangu, nilimtazama mume wangu, naye akainua uso juu kama anayetafuta mvua.

Tuliporudi ufunguo ukazungushwa. "Tk!" Mama akapaza sauti, mikono juu kama shabiki wa mpira. Fundi akawasha taa za mbele, zikawaka kwa nguvu zote, basi betri ikaondolewa lawama. Akaingia chini ya gari. Kisha tukasikia: "Nani amemvua mwenzenu nguo?"

Akatueleza akiwa hukohuko chini. Stata ya gari lile imekaa bega kwa bega na bomba la moshi, na katikati yao huwa kuna kipande cha bati cha kuzuia joto. Bati halipo, yamebaki matundu ya skrubu. Kwa hiyo stata inachomwa mlima mzima, na gari likisimama ndipo joto linapoiingia sawasawa, maana hata upepo wa njiani hakuna tena.

Shemeji yako akakohoa. "Ni bati lenye mikunjo miwili?"

"Enhe."

"Lipo karakana. Nimeliweka chini ya jiko la kuyeyushia gundi, meza isiungue."

Kumbe! Mama alipotoka kulazwa kichwa chake hakikuvumilia kelele, na bati lile lilikuwa limelegea, kwata kwata kwata njia nzima. Mkwe wake akalifungua kimyakimya apate kupumzika, asiseme kwa mtu. Na Mama wiki ile alimsifu kwa kila mgeni, gari lilivyokuwa tulivu.

Nikafungua mdomo nimseme, Mama akaniwahi. "Mwache mume wako. Alinionea huruma. Na wewe uliyeliombea boneti, lilipona?" Fundi alicheka mpaka akajigonga kichwa huko chini.

Akaiviringishia stata tambara la maji, tukasubiri, ikapoa, gari likawaka bila kusukumwa na mtu. Siku iliyofuata akaishusha, akabadilisha kaboni zake za kupitishia umeme zilizoungua ndani, akarudisha bati na kulikaza kwa skrubu mpya. Sasa haligongi wala halinuni. Jiko la gundi limewekewa tofali.

Basi imekuwa kazi nyingine: Mama anataka gari lizimwe kila mahali. Dukani, lizime. Kwa rafiki yake anayeuza maua, lizime. Akishasalimia watu anasema, "Haya, washa," likiwaka anaitikia "Amina!" Na mazoezi hajakosa hata mara moja. Wiki hii tulipofika mlangoni pa hospitali alikikataa kiti. Alishika mlango wa gari, akashika mkono wangu, kisha akauachia, akaenda na fimbo yake peke yake mpaka benchi la mapokezi. Aliketi anahema, jasho linamtoka, akaniambia nimfunge kamba ya kiatu kana kwamba hakuna lililotokea. Niliinama pale muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Mengine ni ya kawaida. Paa la kanisa limekwisha kuezekwa, mvua sasa inabaki nje na waumini ndani. Mpwa wako mkubwa amepata kazi ya kupanga dawa kwenye duka la dawa, ameanza kutusahihisha majina ya vidonge vyetu.

Wanakusalimu shemeji yako, shangazi, wapwa zako wote, na Mzee Honi, ambaye mpaka leo anasema ilikuwa betri. Mpe wifi salamu zangu za pekee, uwabusu watoto. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mzuri na mgongo usiolalamika.

Mama anauliza unakuja mwezi gani. Safari hii hataki kukusubiri nyumbani, anataka kuja uwanja wa ndege. Amenituma nikuulize, wewe unayepajua, kutoka maegesho ya magari hadi mlango wanapotokea wasafiri ni umbali gani, na kama njiani kuna pa kuketi, ili aanze kujizoeza kiasi hicho tangu sasa. Tafadhali tujibu mapema.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako.