Mwenzake wa Kelele

Jumapili, katikati ya Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya majirani na hauna dalili ya kuondoka. Mimi pia sina dalili ya kuondoka hapa kwenye kiti.

Shajara, leo usinidai mengi. Magoti yanauma, nguo zangu zinanuka moshi wa kuni, na mezani kuna rundo la mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ambayo hata sijaigusa. Nimerudi jana kutoka Mgeta, huko milimani, kwenye kuondoa matanga ya Beda. Nilipanda na lori la kabichi lililokuwa linarudi tupu, nimekaa juu ya matenga, na kila shimo la ile barabara nalijua sasa kwa kiuno changu.

Nimechoka, na uchovu wenyewe si wa barabara.

Kwa anayepita hapa mtandaoni mara ya kwanza: Beda alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Mji Mpya, Mluguru wa Mgeta, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kudokoa. Mimi ni Zainabu, mwalimu wa hesabu, Mwislamu, mtu wa Singida niliyepangiwa kazi Morogoro nikasahau kuondoka. Hatukuwa ndugu. Hatukuwa wapenzi, ingawa mtaa mzima ulishatuoza. Kilichotuunganisha ni bendi.

Bendi yenyewe ni ya huko kwenye nchi za baridi. Wanapiga roki ya viwandani: magitaa mazito, na katikati ya magitaa nyundo zinagonga, minyororo inaburutwa, injini inawaka na kukataa kuzima. Wanaimba kwa lugha ambayo sisi wawili hatukujua hata salamu yake. Jina lao lilimshinda Beda kulitamka, akawaita Wazee wa Chuma. Nyimbo nazo tulizibatiza wenyewe. Kuna Mashine ya Kukoboa, kuna Geti Bovu, na kuna ule ninaoupenda kuliko zote, Mkwe Kakasirika. Nikikutana na shabiki wao wa huko kwao, sidhani kama tutaelewana.

Siku tuliyokutana nilikuwa nimempelekea kiti cha chuma kilichovunjika mguu. Redio ya karakana ilikuwa inapiga Geti Bovu, wimbo ambao mimi niliujua tangu chuoni na sikuwahi kuusikia nje ya masikio yangu mwenyewe. Nikasimama tu na kiti changu kichwani. Beda akainua ile kofia ya kuchomelea inayofunika uso mzima, akaniuliza, "Dada, nikusaidie nini?"

Nikamwambia, "Rudisha mwanzo."

Kiti kilitengenezwa wiki iliyofuata. Miaka yote baada ya hapo, katika mji huu mzima wenye taarabu, singeli, kwaya na mahubiri ya vipaza sauti, tulikuwa wawili. Labda wengine wapo. Hatukuwaona.

Tulikuwa na makubaliano: albamu mpya haisikilizwi na mtu mmoja. Tunakaa karakana ikishafungwa, yeye juu ya tangi la gesi tupu, mimi kwenye kiti changu kilekile. Inapigwa yote, bila neno. Halafu tunagombana. Kila albamu mimi ndiye niliyesema wazee wamechoka, wangestaafu kwa heshima. Na kila albamu Beda aliwatetea kama mtu anayetetea ndugu zake polisi. "Subiri," alikuwa anasema. "Hujausikia vizuri. Usikie tena." Tuligombana hadi albamu nyingine inatoka.

Mwaka huu figo zilimchukua. Mama yake alimpeleka Mgeta kumuuguza, na kutoka Mgeta hakushuka tena. Albamu ikatoka wiki baada ya mazishi.

Imo kwenye simu yangu tangu siku hiyo. Nilijiambia naacha kuisikiliza kwa heshima ya marehemu. Uongo mtupu. Niliogopa kuipenda halafu nisiwe na wa kumwambia. Na niliogopa zaidi kutoipenda, maana hapo ndipo ningetaka mtu wa kunibishia. Nikaanza kuona kwamba mambo yameisha, kwamba shabiki mmoja si ushabiki, ni tabia tu ya mtu mpweke.

Basi jana.

Misa ya kumwombea ilikuwa asubuhi, halafu watu wakakaa uani kwa Mama Beda, wanawake wakimenya njegere. Nikajibanza nao. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwenzetu, wewe nani kwake?" Nikasema rafiki. Akaitikia "Ahaa," ile ahaa ndefu, akanisogezea njegere bila kuuliza tena. Sikumlaumu. Neno shangazi lipo, wifi lipo, mkwe lipo, hata jirani lina nafasi yake kwenye msiba. Kwa watu wawili wanaopenda bendi moja hakuna neno, na usipokuwa na neno unamenya njegere kichwa chini.

Mjomba wao mkubwa akaanza kugawa vitu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mashine ya kuchomelea ikaenda kwa mpwa wa Beda. Koti likaenda kwa mdogo wake. Likabaki boksi la spika, lile alilolichomelea mwenyewe kwa bati nene, zito kama dhambi, linalotumia betri ya gari.

Hapo ndipo akatokea Bi Skola.

Bi Skola ni mtani wa ukoo wao, bibi mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kazi ya mtani msibani inajulikana: kumwigiza marehemu mpaka waliao wacheke, na hakuna wa kumkataza. Alitoka ndani amevaa buti za Beda, fulana nyeusi ya Beda yenye gurudumu la meno kifuani, na kofia ya kuchomelea usoni. Mkononi ana spana na mfuniko wa sufuria. Akaanza kugonga. Akatikisa kichwa mbele na nyuma, akapayuka kwa lugha ambayo haipo duniani, mguu mmoja unakanyaga chini kwa hasira. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Halafu akasimama ghafla, akainua kidole kimoja juu.

Beda alikuwa anafanya hivyo. Kila ngoma nzito ilipokaribia kuingia, alinyoosha kidole, kimya, subiri, subiri, mpaka iingie. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukiona kile kidole. Njegere zikanimwagika mapajani, nikalia mbele ya watu, mwalimu mzima, kamasi na kila kitu.

Bi Skola akafunua uso, akaenda kukaa juu ya boksi la spika. "Hili haliendi kokote," akamwambia mjomba. "Mnatugawia debe? Mpaka lilie kwanza. Na huyu alikuwa na mwenzake wa kelele huko mjini. Yuko wapi?"

Uani kote wakatazamana. Yule mama wa njegere akanitazama mimi, akasema taratibu, "Ahaa." Safari hii ilikuwa fupi.

Nikainuka. Ningefanya nini? Nikaunganisha waya kwenye betri, nikaunganisha simu. Nilikusudia kuweka Geti Bovu, dakika chache, nirudi kwenye njegere zangu. Lakini Mama Beda akauliza kutoka kwenye mkeka wake, "Si alisema kuna mpya inatoka? Kila siku alikuwa anaitaja."

"Imetoka, mama."

"Nzuri?"

"Sijui. Sijaisikia."

"Mbona hujaisikia?"

Nikamweleza. Tulikubaliana tusikilize wote wawili. Nilivyolisema mbele ya wazee wale, lilionekana jambo la kitoto, nikatamani ukungu uje unifunike. Mama Beda akafikiri. Huyu ndiye mama ambaye kila Beda alipokwenda kumsalimia na lile boksi, alimfukuza nalo hadi matuta ya chini, kwenye kabichi.

"Beda ni wa kwetu," akasema. "Sisi tukisikia, amesikia. Iweke."

Nikaiweka.

Sijui nikuelezeje, Shajara. Watu waliketi kwa adabu, kama wanavyomketia padri mgeni. Minyororo ikaburutwa juu ya njegere. Nyundo zikagonga hadi kuku wakahama. Mzee mmoja akauliza, "Hawa wamekosewa nini?" Bi Skola akamjibu, "Wamenyimwa chakula." Mama Beda hakucheka wala hakukunja uso. Aliegemea mbele, mkono shavuni, kama mtu anayesikiliza kesi.

Na mimi, ambaye niliisubiri kwa majuma yote yale, sikusikia vizuri. Nilikuwa nawatazama wao. Lakini nilichosikia nitakisema hapa, maana hapa ndipo nasemea ukweli: sikuipenda. Wimbo wa kwanza ni mchovu. Wa pili tumeshausikia kwenye albamu iliyopita. Wa tatu una kinanda, na sijui ni nani aliyewaambia tunataka kinanda. Wazee wamechoka. Nilikuwa namtafuta Beda nimwambie, na macho yakawa yanakwenda pale kwenye boksi, na pale amekaa Bi Skola na buti zisizomtosha.

Wa nne ulianza polepole. Magitaa yakajikusanya, yakajikusanya, kila kitu kikanyamaza. Bi Skola akainua kidole. Watoto nao wakainua vidole.

Ngoma haikuingia. Gitaa likaendelea kuvuma peke yake, Bi Skola amebaki na kidole hewani kama aliyeomba ruhusa ya kwenda nje. Watu wakacheka. Kisha betri ikakata.

Ndivyo ilivyoisha. Mjomba akasema boksi liende kwa mpwa, Bi Skola akaridhika, tukala ugali na njegere. Niliwaaga, nikapata lori lililoshuka na karoti. Njiani nilikuwa nawaza kwamba sasa imekwisha. Nimetimiza. Nilichokuwa nakiogopa kimetokea: albamu mbaya, na hakuna wa kunibishia. Nilikaa juu ya karoti za watu na kuamua, kwa utulivu kabisa, kwamba hizo nyimbo zilizobaki sitazisikiliza. Ningeifuta, nirudi kusahihisha mitihani, niwe mtu wa kawaida. Hata taarabu si mbaya ukiizoea.

Leo asubuhi nilikuwa bado na nia hiyohiyo. Nilishaishika simu.

Ikaita mkononi. Namba nisiyoijua.

"Shikamoo," nikasema, maana sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba, Mwalimu. Ulifika salama?" Mama Beda, kwa simu ya mpwa. Tukasalimiana kirefu, magoti yangu, baridi ya huko, kuku waliorudi na mmoja ambaye hajarudi. Nikangoja jambo lenyewe. Huwa lipo.

"Sasa Mwalimu, ule wimbo wa mwisho," akasema. "Ule wa nne."

"Ndiyo, mama."

"Sijaupenda. Skola kainua kidole, ngoma haikuja. Mtu unawakalisha watu kidole juu, halafu huwapi kitu? Hao wazee wenu wamechoka. Wapumzike."

Hayo ni maneno yangu. Neno kwa neno ni yangu, miaka yote, nimeketi kwenye kiti changu pale karakana. Na mdomo wangu, ambao jana tu uliwahukumu wazee wale kustaafu, ukafunguka wenyewe.

"Subiri, mama. Hujausikia vizuri. Ngoma itaingia. Betri ndiyo ilituwahi."

"Umeshausikia hadi mwisho?"

"Sijausikia."

"Sasa unajuaje kama itaingia?"

"Itaingia, mama. Nawajua hawa. Wanachelewesha makusudi."

Akaguna. Hakuamini hata kidogo. Nikamsikia anasema pembeni na mtu, kisha akarudi. "Haya. Betri inapelekwa kuchajiwa. Njoo Jumamosi tusikie kama itaingia, na Skola atakuwepo. Na usiisikilize huko peke yako."

"Sisikilizi, mama."

Hivyo simu iko hapa mezani, juu ya mitihani. Sijafuta kitu na sijabonyeza kitu. Jumamosi napanda tena Mgeta kwa lori la kabichi, na magoti hayahaya, kuwatetea watu ambao hata salamu yao siijui, mbele ya mama asiyekubali kirahisi.

Nimechoka, Shajara, nimechoka kweli. Na hiyo ngoma, baada ya maneno yote niliyosema, isipoingia nitamwambia nini Mama Beda?