Dawa Ambayo Mdogo Wake Hapaswi Kuinywa

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanika pamba, nimechambua ile chafu. Mchana ugali na mlenda. Nimempakulia mume wangu Jilala kwa mazoea, kisha nikairudisha sahani kabla mama mkwe, Mayu, hajaiona. Ni mwezi wa pili tangu tumzike. Alikuwa anaanza kula pembeni, anauzunguka ugali wote, katikati anapaacha mwisho.

Wageni wamekuja kutoa pole. Mayu amewaambia kuna mkono wa mtu. Akisema hivyo napata nafuu. Naona aibu kuandika hili.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Bariadi mjini, hospitali, kufuata karatasi za msiba. Daktari aliyemtibu Jilala amenikalisha. Anasema si uchawi. Kinga ya mwili wake iliviona vidonge vya salfa kama adui, ndipo ngozi ikababuka mwili mzima. Kinga hiyo mtu anairithi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Inatofautiana mtu na mtu, jamii na jamii. Kuna nchi wanapima vinasaba kabla ya kutoa dawa fulani, maana kwao wameshajua nani yuko hatarini. Sisi huku bado hatujachunguzwa vya kutosha.

"Usingeweza kujua, mama."

Lakini ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na kinga kama ile. Wasiguse salfa.

Vidonge nilinunua mimi, kwa ajili ya kikohozi. Maji ya kumezea alipewa na Mayu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbili nimeshindwa kusema. Nikisema, Mayu ataona alimsaidia mwanawe kufa.

Jioni amepiga simu Maduhu, mdogo wake Jilala, yuko Mwandoya. Anakohoa. Kesho anakuja kutusaidia pamba. "Usihofu shemeji, dawa nimeshanunua." Nikamtakia safari njema. Sikuuliza dawa gani. Mwoga mimi. Nimepiga baadaye, simu imezimwa. Nimepiga tena. Imezimwa.

Jumamosi, 14 Juni

Amefika na pakiti mfukoni. Salfa. Alikuwa anasubiri ale kwanza. Nimemnyang'anya.

"He! Shemeji, hata kikohozi changu unakionea wivu?"

Nikasema yote, Mayu akisikia. Maduhu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo nimemuua mwanangu kwa maji?" Mayu akauliza.

"Hapana, Mayu. Dawa nilinunua mimi."

"Nyamaza."

Maduhu amepanda bodaboda kwenda kituo cha afya, wampe dawa nyingine. Mayu amelala bila kula. Nimemvunja mama mzee. Na ningerudia. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalonipa usingizi.

Jumanne, 17 Juni

Mayu hanisemeshi. Chakula changu anakula. Maduhu amewapigia dada zake wote wawili, amewaeleza.

Jumatatu, 23 Juni

Maduhu amepona. Asubuhi amefunga ng'ombe kwenye mkokoteni, anapeleka pamba kwenye mizani. Mayu alikuwa anapepeta mtama uani, mimi naosha vyombo. Ng'ombe mmoja akagoma njiani, Maduhu akaanza kumkaripia.

Mayu akasimamisha ungo.

"Sauti ile ile ya kaka yake," amesema.

"Ndiyo, Mayu."

Tumemsikiliza mpaka alipopita ua wa minyaa. Kisha akaendelea kupepeta.