Pamba Kwenye Vitundu vya Kayaki

Ikola, Jumanne

Bora ningenyamaza. Wavuvi wenzangu waliniita mimi, fundi mitumbwi, niijaribu kayaki mpya, kimtumbwi chembamba cha plastiki cha kuvulia samaki, iliyoletwa kutoka Mpanda. Nikakuta ina vitundu vinavyopenya mpaka chini. Nikaviziba kwa pamba na mawese, kama ninavyoziba mitumbwi yangu.

Ziwani maji ya mawimbi yakajaa pale pa kukalia, maji yasitoke. Nikarudi, nikatangaza: "Hii haifai. Irudisheni."

Shemeji Mateso akachomoa pamba kimyakimya, akapiga kasia. Kumbe vitundu ni vya kutolea maji, maana pa kukalia pako juu ya usawa wa ziwa. Akarudi na samaki wawili, migebuka.

"Vilikuwa vimeziba tu," akawaambia watu.

Hakunitaja. Pamba yangu kaificha mfukoni.

Asichojua ni kwamba kayaki ilipojaa maji, nilifurahi. Niliwaza mitumbwi yangu itaendelea kununuliwa.